Maksi Nilizompa Mwalimu Sichone

Minza, mayu, binti yangu,

Umekwenda Mwamkulu kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu hatakuachia kabla hujala mara mbili. Mama yako yuko uani anagombana na zipu ya begi lako. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za kukuandikia jambo ambalo nilipaswa kukuambia kwa mdomo zamani sana, ila kila nikifungua mdomo inatoka habari ya mvua. Karatasi hizi nimezichomoa kwenye daftari la zamu za usafi wa kigango. Ukiona nyuma ya ukurasa jina la mtu na neno "ufagio", ruka, halikuhusu.

Ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutokwenda kuoga ziwani peke yako, sitaandika. Mama yako ameshayasema, na kesho atayasema tena akiwa ameshikilia dirisha la gari. Mimi ninalo moja tu, na lazima ulijue kabla hujafika Ikola, kwa sababu ukifika utalikuta limekaa kwenye kiti ofisi ya walimu, limevaa miwani, linakungoja.

Siku majina ya ajira mpya yalipotoka ulikuja unakimbia na simu mkononi. "Baba! Wamenipeleka Ikola! Kwa Mwalimu Sichone! Nitafundisha Fizikia ofisi moja na yeye!" Mama yako akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nikasema Mungu ni mwema, nikatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Baadaye mama yako akaniuliza, "Baba Minza, ng'ombe walikuwa na nini?" Hawakuwa na kitu. Nilisimama tu, wakanitazama, nikawatazama.

Ni hivi. Aliyemwondoa Mwalimu Sichone shuleni kwetu si Mama Zaituni. Ni mimi.

Haya, nimeandika. Nimesimama kidogo nikanywa maji, nimerudi.

Nyie mlikuwa kidato cha pili. Shule yetu ya kata ilikuwa na walimu wawili wa Fizikia, Mwalimu Bahati na Mwalimu Sichone, na kule Ikola, ziwani, watoto walikuwa hawana hata mmoja. Ikaamuliwa mmoja ahame. Mkuu wa shule hakutaka kuambiwa anapendelea, akaomba kamati ya wazazi itoe watu wawili wakakae darasani, wawapime wote wawili kwa fomu moja. Atakayepata maksi chache ndiye aende. Leo nikifikiri naona tulikuwa na utaratibu wa ajabu kweli wa kuwasaidia watoto wa watu: tuwatafutie yule tunayedhani hafai, tuwapelekee.

Mimi nikachaguliwa kwa sababu ya mwandiko wangu, na kwa sababu mimi ni katekista, nasoma masomo kanisani Jumapili bila kukwama. Mama Zaituni wa dagaa akachaguliwa kwa sababu alisema anakwenda, na hakuna mtu kwenye kamati ile aliyekuwa na kifua cha kumwambia haendi.

Usiku na asubuhi yake nilisali sana. Nilimwomba Roho Mtakatifu anishushie maksi za haki. Na mimi sina shaka alizishusha. Tatizo nilikuwa nimeshakuja na zangu.

Tukaanza na Mwalimu Bahati, mkondo wa B. Mayu, yule bwana alikuwa amevaa tai. Joto lile la mwezi wa kumi na moja, tai! Akaingia, watoto wakasimama kama askari. Sauti yake ilikuwa inafika mpaka kwenye choo cha walimu. Akaandika ubao ukajaa, akafuta, akaandika ukajaa. Nilihesabu, mara nne. Chaki ilikuwa inamdondokea mabegani kama unga wa mashineni. Yote kwa Kiingereza, na Kiingereza changu unakijua, kinaishia kwenye "gudi moningi". Sikuelewa hata neno moja, na ndiyo maana nikaona ni elimu kubwa. Kila baada ya muda anawauliza kama wako pamoja, nao wanaitikia kwa sauti moja. Ilikuwa kama litania kabisa. Mara ya tatu nusura niitikie "utuombee".

Nikampa tano kwenye kila kisanduku. Tano ndiyo ilikuwa mwisho. Kama kungekuwa na sita ningempa.

Halafu tukaenda mkondo wa A. Kwenu.

Mwalimu Sichone akaingia amebeba ndoo ya maji na mti mrefu begani. Nikadhani anapita kwenda kumwagilia bustani, kakosea mlango. Hakuvaa tai. Miwani yake ilikuwa imefungwa uzi upande mmoja. Akatuamkia, "Shikamooni wazazi," akatupa mgongo. Akamwita Joni, yule kijana mrefu kama nguzo ya umeme, na akakuita wewe. Moyo wangu ukanyanyuka. Nikamgusa Mama Zaituni, "Yule wangu yule." Akasema, "Baba Minza, namjua, kila siku ananunua dagaa kwangu."

Mkauweka mti mabegani, wewe mbele, Joni nyuma, ndoo inaning'inia katikati. Mwalimu akauliza, kwa Kiswahili, "Minza ni mdogo, Joni ni mkubwa. Tumsaidie Minza. Ndoo tuisogeze wapi ili yeye aone nafuu?"

Na wewe, bila kuwaza hata kidogo, ukajibu kwa sauti ya mtoto wa katekista: "Tuisogeze kwangu, mwalimu! Ikiwa karibu itakuwa rahisi kuimudu."

Darasa likacheka. Mimi nikangoja mwalimu akurekebishe haraka, aifunike ile aibu. Wapi! Akasema, "Sawa. Tuisogeze kwako." Akaisogeza. Goti lako likakunjika, maji yakakumwagikia yakaingia kwenye kiatu, ukapiga kelele, "Hapana mwalimu, hapana, irudishe, irudishe!" Joni huku nyuma anapiga mluzi, eti, "Mbona mimi sijabeba kitu huku?" Darasa likaanguka chini. Mama Zaituni alicheka mpaka akajifuta machozi na mtandio.

Mwalimu Sichone hakucheka. Akakuuliza tu, "Kwa nini?" Kisha akanyamaza, amesimama pale na mikono nyuma kama mtu anayengoja zamu ya kliniki. Hapo likazuka soko. Huyu anasema hivi, yule anasema umekosea, mwingine kachukua rula anapima mti, Joni anataka ndoo iende kwake aonyeshe yeye ni mwanaume, ikaenda, akaanza kutoa jasho. Kengele ikalia. Jibu hakuna! Mwalimu akabeba ndoo yake, akasema, "Kesho mtaniambia nyie," akatoka.

Nilikuwa nimekasirika, mayu. Masikio yalikuwa ya moto.

Pale nje kwenye baraza Mama Zaituni akafungua kapu lake, akatoa mizani yake ya kuning'iniza, ile ya sahani mbili, maana alikuwa anapitiliza gulioni. Akawaita watoto wawili wa Mwalimu Bahati. "Njooni wanangu. Kamba hii nikiisogeza huku kidogo isikae katikati, anayeibiwa ni mimi au mteja?" Wakasimama vizuri, mikono mbavuni, wakamsomea Kiingereza kirefu kizuri, wote wawili pamoja, bila kukosea. Akawaambia, "Asanteni. Sasa nani anaibiwa?" Wakatazamana. Wakatazama mizani. Mmoja akasema hiyo haikuwepo kwenye notisi.

Akawaita wawili wa kwenu. Hao hata hawakumjibu. Mmoja aliinyakua mizani mkononi mwake, wakaanza kugombana, wakasogeza kamba, wakaweka mawe, wakabishana tena, mwisho wakamwambia, "Mama, ukiisogeza huku unamwibia mteja, ukiisogeza kule unajiibia. Kwani wewe huwa unaisogeza wapi?"

"Haya, tokeni hapa!" akasema, lakini anacheka. Akanigeukia. "Mimi nimemaliza kupima, Baba Minza. Mwalimu ni huyu wa ndoo."

Nikamwambia, "Mama Zaituni, fomu haina sehemu ya mizani."

"Basi fomu ni mbovu."

"Huyu hata ubao hajaandika. Amechora mstari mmoja."

"Kwani tunampima fundi rangi?"

"Anafundisha Fizikia kwa Kiswahili kama anauza nyanya!"

"Na wewe umeelewa?"

Nikainamia fomu. Maana nilikuwa nimeelewa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikafikiri: kitu ambacho mimi wa darasa la saba ninakielewa, kitakuwaje Fizikia?

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri, kwa sababu hapa ndipo dhambi ilipo, hayo mengine ni ujinga tu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikampa Mwalimu Sichone mbili, mbili, moja, mbili. Kwenye maoni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Mwalimu hajui majibu, anawauliza watoto. Pia analowesha wanafunzi." Mama Zaituni akaniambia, "Andika unavyotaka wewe, wewe ndiye mwenye kalamu. Lakini na mimi uniandikie kwamba nimekataa." Nikasema sawa. Alikuwa na haraka ya gulio, akatia sahihi yake chini, pale pa wajumbe, akaondoka akijua nitaandika. Sikuandika. Nafasi ilikuwepo, mistari mitatu mizima.

Na zile mbilimbili hazikuwa za Mwalimu Sichone hata kidogo. Zilikuwa za uso wangu. Mtoto wangu alikuwa amekosea mbele ya watu, mwalimu akamwacha aendelee kukosea mpaka kiatu kikaloa, na mama wa dagaa akacheka. Nilitaka mtu wa kulipa hiyo aibu. Nikampata, alikuwa kabeba ndoo.

Na kinachonichekesha siku hizi, nikiwa peke yangu na ng'ombe, ni kwamba kupima ndiyo kazi yangu. Wewe umemjua Treni, hukumwona Waziri. Waziri ni maksai niliyemnunua nilipofika tu huku Mpanda, bado kijana, sijui kitu. Nilimwona mnadani, mweupe, nundu kama mlima, akiunguruma watu wanageuka. Nikasema huyu. Nikamfunga plau, akavuta hatua kama ishirini, akalala. Hakuumwa, alilala tu, anatafuna. Mpaka leo wazee wa hapa wakimwona mtu mvivu aliyevaa vizuri wanasema "huyu Waziri wa Masanja".

Tangu hapo nimejifunza. Sinunui maksai kabla hajafungwa plau nikamwona analima. Na akilima simtazami yeye. Nageuka nyuma natazama ardhi, mstari aliouacha. Umenyooka? Umeingia ndani? Basi, hata kama ana pembe moja. Watu wananiita kutoka vijiji vingine niwachagulie ng'ombe kwa sababu hiyo. Halafu huyo huyo mtaalamu wenu akapelekwa darasani, akawekewa kiti nyuma kabisa, mbele yake migongo arobaini ya watoto, mstari wenyewe wa plau umelala pale unaonekana, na yeye akakaza macho kwenye tai.

Bado sijamaliza. Ingeishia hapo ningesema nilikosea kwa kutojua.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nalima kule bondeni na Treni na Mgeni. Unamkumbuka Mgeni alivyokuwa, mdogo, anajitahidi, lakini ubavu hana. Treni akivuta, Mgeni anabaki nyuma, nira inakaa upande, plau inakwenda kama imelewa. Nimepiga kelele, nimebadilisha kiboko, nimesali. Halafu nikasimama. Nikaitazama nira. Mti mrefu, huku mkubwa, huku mdogo, na pete ya mnyororo katikati kabisa. Na mbele ya macho yangu nikamwona mtu aliyekunja goti na maji kwenye kiatu.

Nikaisogeza pete kuelekea kwa Treni. Kama upana wa viganja viwili hivi.

Mayu, plau ilinyooka. Mgeni alitembea sambamba na mwenzake kama bwana harusi. Nililima mpaka jua likawa juu, kila nikigeuka nyuma mstari umenyooka kama umepigwa rula. Badala ya kushangilia nikakaa kwenye tuta. Kwa sababu nilijua nani amenifundisha. Kipindi kimoja tu, nimekaa nyuma, nimekunja uso, sitaki, na bado nimejifunza. Na fomu yake iko ofisini kwa mkuu na mbilimbili zangu.

Mama yako alipoleta uji akauliza, "He, leo imenyooka! Nani kakufundisha?" Nikasema, "Akili ya marehemu baba."

Jioni umetoka shule ukapita pale ukaitazama nira. Ukaniambia, "Baba, hii si ndiyo ile ndoo ya Mwalimu Sichone?" Nikasema, "Ndoo gani?"

Na mara ya tatu ya kumkana ni siku mwalimu mwenyewe alipokuja kuaga. Ulikuwa umejifungia ndani unalia, kwa hiyo hukusikia. Alikuja na baiskeli, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema anashukuru kwa kumpa mtoto mwenye kichwa. Kisha akatazama shamba. Akakaa kimya vilevile kama darasani. Akasema, "Mzee Masanja, naona nira yako siku hizi pete haikai katikati."

Nikasema, "Ni akili ya marehemu baba."

Akatabasamu. "Marehemu alikuwa mwalimu mzuri," akasema, akapanda baiskeli.

Mara tatu, Minza. Jogoo wetu tulikuwa tumemchinja Jumapili, vinginevyo nina hakika angewika.

Utauliza, kwa nini hukwenda kuitoa ile fomu? Nilikwenda. Nilivaa shati la kanisani, nikafika mpaka mlangoni kwa mkuu wa shule. Akaninyanyukia, "Mzee wetu! Fomu yako imejazwa vizuri kuliko zote. Wewe ni mzazi wa mfano." Nikasema asante. Nikarudi nyumbani. Mzazi wa mfano.

Na wewe, siku ile umetoka chumbani macho yamevimba, ukasema, "Ni yule mama wa dagaa. Sahihi yake ipo, watu wameiona. Wewe baba najua ulimtetea. Anacheka watu darasani halafu anawafukuza walimu. Simsalimii tena." Mimi nilikuwa nakunywa uji. Nikaendelea kunywa. Yule aliyemtetea mwalimu wako peke yake, ukaacha kumwamkia, ukawa unazunguka gulio zima usipite kwenye meza yake, na mama yako akaanza kununua dagaa kwa watu wengine, wenye mchanga. Miaka yote hiyo tumekula mchanga kwa sababu ya baba yako. Na yeye hakusema kitu. Nikikutana naye ananiuliza tu, "Baba Minza, hujambo na kalamu yako?"

Nililipeleka kwenye kitubio. Padre akanisikiliza, akaniambia malipizi ni kwenda kumwambia mtoto. Nikamuuliza kama rozari tatu hazitoshi. Akasema hazitoshi. Nikamuuliza kama nne. Akafunga kadirisha.

Basi juzi, ulipoanza kupanga nguo, nikaanza na Mama Zaituni. Nilimkuta anapepeta. Nikamweleza yote, pamoja na ile mistari mitatu niliyoiacha wazi. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa kabisa. Akasema, "Nilijua siku ileile, wallahi. Nilikuwa nangoja uone haya mwenyewe. Nilidhani itachukua wiki." Kisha akacheka kama alivyocheka siku ya ndoo. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Lakini mtoto alikuwa ananiamkia vizuri kuliko wote hapa gulioni. Hilo liliniuma." Hapo ndipo na mimi lilinifika, mayu. Lile la mwalimu nilikuwa nimelizoea.

Kesho anakwenda Ikola kuchukua mzigo. Nimewakatia viti pamoja. Usininunie, nimeshalipia.

Kuhusu Mwalimu Bahati, usimseme vibaya hata kama utakuwa umekasirika. Yule hakuwa na kosa. Nilimpima sauti na sauti alikuwa nayo. Unajua mwenyewe aliacha ualimu, sasa ni MC wa harusi mjini, na ukimsikia anavyowaita ndugu wa bwana harusi wasimame utakubali kwamba Mungu alikuwa anamwita huko tangu mwanzo, sisi ndio tulimchelewesha ubaoni. Lakini darasa lako lote mlimaliza kidato cha nne na yeye, na mnajua nyie wenyewe mlivyofanya Fizikia. Wewe uliokoka na lile daftari la kidato cha pili, la Mwalimu Sichone, ambalo ulilifunika kwa gazeti ukawa unalisoma kama Injili. Kila nilipokuona unalifungua nilitoka nje. Mama yako alidhani nina tumbo.

Sasa wewe unakwenda kusimama mbele. Sijui kufundisha, sitakufundisha kufundisha. Ninachojua ni kwamba siku moja mlango utafunguka ataingia mtu amebeba fomu. Anaweza kuwa mkubwa wa ofisini, anaweza kuwa mzazi wa mtu, mvuvi amevaa shati lake moja la heshima. Ataketi nyuma. Hataelewa unachosema, ataona aibu kwamba haelewi, na aibu hiyo ataigeuza maksi. Utatamani kumfurahisha. Utatamani kuandika ubao mara nne. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilitaka kukununulia blauzi ya maana ya siku ya ukaguzi, mama yako akanizuia.

Usimchukie huyo mtu. Anampenda mtoto wake aliyekaa mstari wa pili, na ndiyo maana amekuwa mjinga. Mwite mbele. Mpe upande mmoja wa mti abebe ndoo, umloweshe kidogo. Akishalowa, mwulize kwa nini, halafu unyamaze. Atakwenda nyumbani amebeba swali. Huenda akarudi kukuambia, huenda asirudi, watu tuna viburi. Lakini shamba lake likinyooka utaliona ukipita.

Ukinikasirikia, una njia nzima mpaka Ikola ya kunikasirikia, na Mama Zaituni atakusaidia, anajua maneno. Ila ushuke umemaliza, wale watoto hawajakukosea. Ukitaka kunipigia simu, piga. Ukikaa mwezi hujapiga nitajua ni haki yangu, nitaongea na ng'ombe.

Kuna karatasi nyingine nimeikunja ndani ya hii. Hiyo ni ya Mwalimu Sichone. Mkabidhi mkononi kabla hajaanza kukukaribisha vizuri, asije akakuona unanificha. Ni ile fomu. Nimeichora upya kwa rula yako, visanduku vyote kama ninavyovikumbuka, na naviota kwa hiyo navikumbuka. Kwenye lugha ya kufundishia nimeandika: "Nilielewa." Kwenye matumizi ya ubao: "Hakuuhitaji." Kwenye nidhamu ya darasa: "Kelele nyingi, zote za Fizikia." Kwenye pale panapouliza kama wanafunzi walijifunza, nimeandika: "Ndiyo. Ninaoweza kuwathibitisha kwa majina ni wawili. Minza Masanja, kidato cha pili, aliyekuwa chini ya ndoo. Na Masanja mwenyewe, aliyekaa nyuma. Marehemu baba yangu hakuhusika."

Nimetia sahihi. Mama Zaituni naye ametia sahihi yake chini yangu. Safari hii aliisoma kwanza, mara mbili, akageuza na nyuma akaangalia kama kuna kitu.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mtu. Naificha barua hii kwenye begi, katikati ya daftari lile la gazeti, najua huko utafungua.

Baba yako,
Masanja